Mwenye mbwa hakumgawa: barua ya wazi kwa wakuu wa makumbusho na nyumba za minada

Waheshimiwa wakurugenzi, watunzaji wa mikusanyo, na ninyi madalali wa vitu vya kale,

Salamu kwenu. Barua ya mtu wa ngazi yangu hupita kwa msimamizi wa zamu, ikafika kwa afisa utumishi, na huko ndiko hulala. Kwa hiyo hii naitoa hadharani, tena kwa Kiswahili, maana ndiyo lugha ninayoweza kukasirika nayo bila kuvunja adabu. Atakayetaka kujibu atatafuta mkalimani, kama nifanyavyo mimi kila nikiletewa mkataba.

Mimi ni mlinzi wa ukumbi. Makumbusho siyataji wala mji siutaji, anayehusika atajijua. Mwaka wa sita huu nasimama mbele ya kabati la kioo ambalo ndani yake yumo mbwa mmoja wa udongo. Ni mnono, mwekundu kama mtungi mpya, miguu mifupi, masikio yamesimama, kinywa wazi kidogo kama aliyetaka kubweka akakumbuka kuwa ndani kuna mgonjwa. Pale penye mkia pana mdomo wa chombo, kwa sababu kumbe naye ni chombo: kitu cha majimaji kilitiwa humo. Chini yake kuna kibao: "Mbwa. Udongo wa kuchoma. Colima, Meksiko. 200 KK hadi 300 BK. Zawadi."

Watu wazima huniuliza ni wa bei gani. Watoto huuliza alikuwa anaitwa nani. Mimi nimebaki na lile neno la mwisho.

Nianze na mbwa mwenyewe, kwa kuwa nina hakika baadhi yenu mnamjua kwa namba ya orodha tu. Colima ni jimbo dogo la magharibi ya Meksiko, kwenye pwani ya Pasifiki, karibu na volkano ambayo hadi leo haijatulia. Huko na katika majimbo jirani ya Jalisco na Nayarit, tangu kama karne ya 3 KK mpaka karne ya 4 BK, watu waliwazika baadhi ya wafu wao kwa namna ambayo mtu wa pwani ya Afrika Mashariki hahitaji kuchorewa picha. Walichimba shimo la kwenda chini wima, pengine mita 2, pengine hata 16, wakapasua tabaka gumu la majivu ya volkano yaliyoshikana, kisha kule chini wakachonga pembeni. Sisi tunaita mwanandani. Tofauti ni kwamba wa kwao ulikuwa chumba kizima, wakati mwingine vyumba viwili au vitatu, na ndani waliwekwa watu pamoja na vyakula, makombe ya bahari na sanamu za udongo. Halafu shimo likafukiwa.

Mbwa wangu (mniwie radhi, nimeshamzoea) yu mtupu ndani. Mfinyanzi alimjenga kwa kuta nyembamba, akampaka udongo mwekundu laini, akamsugua mpaka akang'aa, ndipo akamchoma. Mama yangu mkubwa alifinyanga vyungu, na ningempeleka mbele ya kabati lile asingesoma kibao. Angetazama zile alama za kusugulia tumboni akajua mkono ulikuwa unakwenda upande gani.

Mgongoni ana vidoadoa vyeusi. Wageni hudhani ni uchafu, na mmoja alinikaripia kwamba hatusafishi. Mtaalamu wetu wa uhifadhi ndiye aliyenieleza: ni manganisi, madini yaliyotoka katika udongo wenye unyevu, yakaganda juu ya chombo polepole kwa karne nyingi. Waghushi huyajua madoa hayo na huyaiga. Ila yakiwa ya kweli, basi ni kaburi lenyewe lililomshika. Ndicho kipande pekee cha kaburi alichokuja nacho.

Kwa nini mbwa? Katika karne ya 16 mtawa wa Kifransisko, Bernardino de Sahagún, aliandika habari alizopewa na wazee wa Kinahua wa katikati ya Meksiko. Walimwambia kuwa maiti akiwa njiani kwenda Mictlan, nchi ya wafu, hufika kwenye mto, na hauvuki mpaka mbwa wake ambebe. Mbwa mweupe hukataa: ndiyo kwanza nimeoga. Mweusi naye hukataa: nimejipaka weusi sasa hivi. Anayevusha ni yule wa rangi ya manjano. Watoto wa shule nikiwasimulia hucheka sana, maana kila mmoja ana ndugu mwenye visingizio vya aina hiyo siku ya kuosha vyombo.

Kisa kitamu, na kijitabu kinachouzwa katika duka letu kinakitumia kueleza mbwa huyu kana kwamba wazee wale walikuwa wakimzungumzia yeye. Hapana. Kisa kiliandikwa zaidi ya miaka elfu moja baada ya mbwa kufukiwa, kutoka kwa watu wengine, mamia ya kilomita upande wa mashariki. Ni kama mtu aeleze magofu ya Gedi kwa ngano aliyosimuliwa Kampala juzi. Huenda kuna uzi unaounganisha. Uzi huo hamjauonyesha.

Karibu zaidi na Colima, katika milima ya Jalisco na Nayarit, wapo Wawixárika, ambao wengi huwajua kwa jina la Huichol. Hao ni watu walio hai, si watu wa kabatini. Wana hadithi ya mtu aliyeokoka gharika akiwa na mbwa jike mweusi. Kila akirudi shambani alikuta chapati za mahindi zimeshapikwa na mpishi haonekani, mpaka siku alipojificha akamwona mbwa anavua ngozi na kuwa mwanamke. Akaichukua ngozi ile akaitia motoni, na watu wakatokana nao. Sijui bibi gani wa Kilifi asingeweza kuimalizia hadithi hiyo mwenyewe baada ya kusikia mwanzo wake.

Yapo pia maelezo ambayo vijitabu huyapitia haraka kwa haya: unono. Mbwa na bata mzinga ndio waliokuwa wanyama wa kufugwa wa kutegemewa katika nchi hizo kabla ya Wahispania kuleta ng'ombe na nguruwe. Mbwa walinenepeshwa na kuliwa. Mtawa mwingine wa karne ya 16, Diego Durán, alikwenda soko la mbwa la Acolman na kuandika kuwa aliwaona zaidi ya mia nne. Kwa hiyo mbwa wangu anaweza kuwa kiongozi wa njia, anaweza kuwa masurufu ya safari, na sioni kwa nini asiwe vyote viwili.

Nikiri jambo. Nimelelewa katika nyumba ambayo mbwa havuki kizingiti, na mwaka wa kwanza nilikuwa nikisimama hatua tatu nyuma ya kabati kwa mazoea tu, kama vile udongo ungeninusa. Ila kila Ijumaa Suratul Kahf inaposomwa tunapita kwenye habari ya wale vijana waliolala pangoni miaka mia tatu na tisa, na mbwa wao kanyoosha miguu ya mbele mlangoni. Siku moja nikiwa zamuni iliniingia: chumba chini ya ardhi, watu wamelala, mbwa. Sisemi ni jambo moja. Nasema tangu siku hiyo nilisogea karibu.

Sasa, kati ya maelezo hayo lipi ndilo? Jibu lilikuwa kaburini, waheshimiwa. Mbwa aliwekwa mlangoni au miguuni pa maiti? Alitazama nje au ndani? Walikuwa wawili? Ndani ya chombo mlikuwa na nini? Aliyelala naye alikuwa mzee, mtoto, mwanamke? Yote hayo yalikuwa yamehifadhiwa gizani vizuri kuliko katika ghala lenu lolote lenye kipimajoto, mpaka usiku ambao watu walishuka kwa kamba na taa. Magharibi ya Meksiko watu hao wana jina lao, moneros, kutokana na monos, neno la mtaani la sanamu hizi. Wakishafika chini huchukua kizima na kinachong'aa, mifupa huikanyaga.

Yanayopotea tunayajua kwa sababu wachache walitangulia kabla ya kamba. Mwaka 1993 huko Huitzilapa, Jalisco, wanaakiolojia wa Meksiko walifika kwenye kaburi ambalo halikuwa limeguswa. Shimo la mita 7.6, vyumba viwili, watu sita, watatu kila chumba. Kwa kuwa mifupa ilikuwa mahali pake, waligundua kasoro ya kuzaliwa ya uti wa mgongo iliyowapata zaidi ya mmoja wao, wakatambua kuwa hawa walikuwa jamaa wa damu. Mmoja, mwanamume wa umri wa kama miaka 45, alikuwa amevikwa mapambo kuliko wote. Ndipo watu wakaweza kusema: hili ni kaburi la ukoo, huyu ndiye mkubwa wao, na sanamu hizi ziliwekwa kando ya huyu wala si yule. Kaburi moja likasema maneno ambayo makabati mengi ya Ulaya na Marekani hayajawahi kusema, na hayatasema.

Kabla ya hapo ilikuwaje? Sanamu hizi za magharibi ya Meksiko zilipoonyeshwa katika jumba la Bellas Artes, Mexico City, mwaka 1946, nyingi zikitoka katika mkusanyo wa mchoraji Diego Rivera, zilikuwa zimezoeleka kuitwa za Watarasko, watu ambao dola yao ilisimama miaka elfu moja hivi baadaye. Kwa muda mrefu ikasemwa ni picha za maisha ya kila siku tu: mama na mtoto, mcheza mpira, mbwa. Baadaye wakaja waliosema kila sanamu yenye pembe kichwani ni mganga. Wenye elimu walibishana kwa miongo, na sishangai, kwa sababu walikuwa wakisoma kitabu kilichochanwa kurasa zote kikabaki jalada.

Na jalada nalo hughushiwa. Mwaka 1974 polisi wa Meksiko walimkamata mfinyanzi wa Veracruz, Brígido Lara, kwa shutuma za kupora vitu vya kale. Akasema hakupora, amevifinyanga mwenyewe. Nani angemwamini? Akaomba aletewe udongo gerezani, akafinyanga mbele yao, na wataalamu wakatamka kuwa kazi ile ni ya kale kweli. Mwaka uliofuata akaachiwa, na hatimaye jumba la makumbusho la Xalapa likamwajiri awasaidie kutambua za bandia. Kila nikikikumbuka kisa hicho humtazama mbwa wangu na vidoa vyake, nikajiuliza tunalinda nini hapa.

Mwaka 2013 nyumba ya Sotheby's ilipopeleka mnadani Paris mkusanyo wa Barbier-Mueller, familia ya wakusanyaji wa Uswisi, serikali ya Meksiko ilipinga, ikasema kati ya vitu 130 vilivyotajwa kuwa vya kwake, 51 ni vya kale kweli na 79 ni kazi za mikono za siku za karibuni. Tafakarini hesabu hiyo, ninyi madalali. Mnada uliendelea. Februari 2021 Meksiko ikapinga tena mnada wa Christie's hapo hapo Paris, nao ukaendelea. Jibu la soko huwa lile lile: uuzaji ni halali kwa sheria ya nchi ulipofanyika. Sibishi. Mimi si mwanasheria, na wakili wenu ana viatu vizuri kuliko vyangu. Nauliza swali la mlinzi: kitu kilitoka mlango gani, saa ngapi, na nani alikuwa zamuni?

Maana Meksiko haikuanza kulalamika juzi. Ilikuwa na uhuru wa miaka michache tu ilipozuia, mwaka 1827, vitu vyake vya kale visisafirishwe nje. Sheria ya 1897 ikatamka kuwa mabaki ya kale ni ya taifa. Ile ya 1972 ikakaza komeo la mwisho. Mbwa wangu, kwa nilivyoambiwa, alifika kwetu kama zawadi katika miaka ya sabini. Sasa nirudi kwenye neno hilo.

Kiswahili kina adabu yake kuhusu kupeana. Zawadi ina mtoaji, ina mpokeaji, na mtoaji lazima awe nacho. Ukinipa kuku wa jirani, hukunipa zawadi, umenipa kesi. Aliyemleta mbwa hapa alimnunua kwa dalali, dalali kwa msafirishaji, msafirishaji kwa monero, na monero alimtoa mikononi mwa mtu ambaye hakuulizwa. Tena katika nchi kama Marekani na Ufaransa anayewapa makumbusho kitu hupunguziwa kodi, kwa hiyo hata huyo wa mwisho hakutoka mikono mitupu. Mahali pekee katika jengo letu ambapo neno "zawadi" halidanganyi ni duka la kumbukumbu karibu na mlango, panapouzwa vijimbwa vya plastiki. Pale angalau unapewa risiti.

Yule monero simlaumu sana. Ni mtu wa shamba katika mwaka mbaya wa mahindi, akipata kwa usiku mmoja kiasi kidogo kuliko bei ya kioo cha kabati hili. Bila mnunuzi asingeshuka.

Mtauliza, mtu wa pwani ya Kenya ana nini na Colima. Upande wa mama yangu ni Wagiriama. Mzee wa chama cha Gohu akifa, jamaa zake humchongea kigango, nguzo ya mti mgumu usioliwa na mchwa, ikasimamishwa iwe kikao cha koma yake, yaani roho yake. Hakihamishwi. Kaya ikihama, chenyewe hubaki, hata kikiinama, hata kikioza, kwa sababu kuoza nako ni sehemu ya kazi yake. Katika boma la mjomba wake mama vilikuwa viwili. Viling'olewa usiku mmoja kabla sijazaliwa, na nilipokuwa mdogo nilionyeshwa mashimo. Watu wa nyumba ile mpaka leo wakipata msiba juu ya msiba huyataja mashimo yale kwanza, daktari baadaye.

Mamia ya vigango yaliishia Marekani kwa njia hiyo, mengine katika makumbusho, na huko nako vibao viliandikwa zawadi. Makumbusho ya Denver yalitangaza mwaka 2014 kuwa yanarudisha 30, na ilichukua miaka kabla havijafika, kwa mambo ya forodha na nani alipe nini. Makumbusho ya jimbo la Illinois yamerudisha 37 mwaka 2023. Sijasikia kuwa paa la Denver limeanguka kwa ajili hiyo. Vilivyorudi havikurudi kwenye mashimo yake, maana mengi hakuna ajuaye ni yapi, na hilo ni pigo ambalo kurudisha hakuliponyi. Hata hivyo walirudisha.

Sijaja kuwaambia mumfunge mbwa kwenye sanduku kesho asubuhi. Kama Meksiko inamtaka, na taasisi yake ya taifa ya anthropolojia na historia, INAH, ipo tangu 1939 kwa kazi hiyo hiyo, basi itamtaka yenyewe, mradi ijue yupo. Na itajuaje? Niliomba kuona faili lake. Nikajibiwa kwa upole kuwa mafaili si kazi ya walinzi. Basi mfungulieni aliye na kazi hiyo. Wekeni hadharani karatasi za kila sanamu ya magharibi ya Meksiko mliyo nayo: nani alileta, lini, alinunua wapi, na pale karatasi inapokatika semeni imekatika. Mpelekee ubalozi wa Meksiko orodha kabla hamjaombwa. Mtu akija na mbwa mwingine wa marehemu baba yake, mkataeni hata kama ni mfadhili wa ukumbi mpya, kwa kuwa mkimpokea mmoja, dalali mahali fulani anaongeza bei ya wa pili, na kamba inashushwa tena Colima.

Na ninyi wa minada, mnapoandika katika orodha "kutoka mkusanyo binafsi, Ulaya, miaka ya sitini", mjue kwamba mlinzi yeyote anayeandika taarifa ya zamu namna hiyo hufukuzwa kazi.

La kwanza la yote, lisilo na gharama, ni kibao. Niliandika mfano wangu wakati wa mapumziko ya chakula, katika maktaba yetu, ambayo kwa haki niseme wahudumu wake hawajawahi kuninyima kitabu. Unasomeka hivi: "Mbwa. Udongo wa kuchoma. Alifinyangwa Colima, Meksiko, akawekwa kaburini pamoja na mtu ambaye jina lake limepotea. Kaburi liliporwa katika karne ya 20. Madoa meusi mgongoni ni ya udongo wa kaburi hilo. Huenda alikuwa wa kumvusha marehemu, huenda alikuwa chakula chake cha njiani. Waliojua hawakuulizwa." Kama mnaona ni refu, punguzeni tarehe, hizo hata hamna hakika nazo.

Zamu yangu ya kesho inaanza saa tatu. Kibao cha sasa kimefungwa kwa skrubu nne, moja imelegea tangu Ramadhani. Bisibisi ninayo mfukoni. Nangoja karatasi yenye sahihi yenu.

Ni mimi,
Mlinzi wa ukumbi wa pili